Mbiu Isiyonyamaza

Mbiu ya mgambo, wasema wahenga, ikilia ina jambo. Waliosema hivyo waliishi katika miji ambayo pembe haikupigwa bure: mtu amepotea, hatari imeonekana, mkubwa wa mji ana neno na watu wake. Mpiga mbiu alipita mtaani, akalisema alilotumwa, akaenda zake, na mtaa ukarudi katika ukimya wake. Kutangaza kulikuwa na mwanzo na kulikuwa na mwisho. Leo neno hilohilo, tangazo, limetwikwa chombo kisichojua mwisho: bango la umeme lenye upana wa mita 14 na kimo cha mita 4 na ushei, lililotundikwa juu ya nguzo ya chuma kando ya barabara, likibadilisha picha kila baada ya sekunde 8, tangu magharibi hadi alfajiri, mwaka nenda mwaka rudi. Lalia usiku kucha, na jambo halina.

Mji ulioyaugua maradhi haya kwa muda mrefu, na ambao mashauri yake yanastahili kusomwa kwa makini, ni Los Angeles, California. Yamkini wapo watakaouliza, jarida la visiwani lina haja gani na ugomvi wa mji ule wa magari? Haja ipo. Hoja zilizotolewa kule kulitetea bango la umeme ndizo zitakazotolewa popote pale mfanyabiashara wa mwanga atakapobisha hodi. Mwenzio akinyolewa, nawe tia maji.

Mwaka 2002 halmashauri ya jiji la Los Angeles ilipiga marufuku mabango mapya ya aina ile inayotangaza bidhaa zisizopatikana mahali bango liliposimama. Ilikusudia pia kuyakagua yaliyokwisha kuwapo, kwa kuwa hapakuwa na daftari la kuaminika la kuonyesha ni mangapi na yapi yana kibali. Jambo hilo peke yake lingetosha kumshangaza msomaji: mji mkubwa kama ule, wenye ramani za kila bomba na kila mfereji, haukujua mabango yake yako wapi. Makampuni yakakimbilia mahakamani kuupinga ukaguzi. Ndipo mwaka 2006, badala ya kuitetea sheria iliyoitunga wenyewe, jiji likaketi na wakubwa wa biashara hiyo, Clear Channel na CBS, likaandikiana nao mapatano ya kumaliza kesi. Katika mapatano hayo makampuni mawili yalipewa ruhusa ya kugeuza mabango yao hadi 840 kutoka karatasi kuwa umeme, na yakaondolewa masharti ya mipango miji ambayo kila raia mwingine, hata yule anayetaka kuongeza chumba kimoja nyuma ya nyumba yake, hutakiwa kuyafuata.

Ajabu ya mapatano hayo ni utulivu wake. Watu wa mitaa kama Silver Lake hawakuitwa kuulizwa. Nguzo ilikuwa ileile, mahali palepale. Kilichobadilika ni uso. Karatasi iliyokuwa ikilala gizani sawa na ukuta mwingine wowote ikawa taa inayopepesa, na chumba cha kulala cha jirani kikawa chekundu, kisha buluu, kisha cheupe. Kisheria walielezwa kuwa ni ukarabati wa bango la zamani. Mfasiri yeyote anaijua hila hii: neno huachwa lilivyo, maana ikahamishwa nyumba.

Wala aliyeyafikisha mapatano hayo mahakamani hakuwa mshairi wala mpenda nyota. Alikuwa mfanyabiashara mwenzao, kampuni ndogo ya mabango iitwayo Summit Media, iliyoona wakubwa wamepewa walichonyimwa wadogo. Mwaka 2009 jaji akaamua kuwa mapatano hayo ni batili. Desemba 2012 Mahakama ya Rufaa ikaukaza uamuzi huo: mji hauna uwezo wa kuyatoa kwa mkataba mambo ambayo sheria zake wenyewe zinayakataza, na vibali vilivyotolewa kwa njia hiyo vifutwe. Kati ya ruhusa zile 840, mabango karibu 100 yalikuwa yamekwisha geuzwa. Na Aprili 2013 zaidi ya 70 miongoni mwake yakaamriwa kuzimwa. Yakazimwa. Nyuso zikabaki nyeusi juu ya nguzo zake, na mji, kinyume cha yaliyotabiriwa na mawakili, haukufilisika.

Laiti kisa kingeishia hapo. Desemba 2023 halmashauri ileile ilipitisha mpango wa kuyaruhusu mabango ya umeme katika ardhi ya Metro, shirika la usafiri wa umma la Los Angeles, kwa sharti la kung'olewa kwa mabango ya zamani yasiyo ya umeme, na mapato yakigawanywa kati ya shirika na jiji. Mara hii mlango haukuvunjwa. Ulifunguliwa kutoka ndani. Kilichokuwa haramu mikononi mwa kampuni kikawa huduma kwa wananchi mikononi mwa serikali, na bango likabatizwa jina la mtandao wa mawasiliano ya usafiri, kwa kuwa baina ya soda na filamu litamwambia dereva kuwa mbele kuna foleni. Dereva aliyekwama katika foleni hiyo, kwa hakika, atashukuru kujulishwa.

Hoja ya kubadilishana ndiyo hatari kuliko zote, maana huja imevaa nguo za uadilifu. Ng'oa mabango matano ya karatasi, husema, upate moja la umeme; hesabu inapungua, mji unapendeza, nani atakataa? Atakataa yule anayejua kuhesabu. Bango la karatasi lina mpangaji mmoja kwa wiki kadhaa. Bango la umeme lina wapangaji sita, saba, wanane, wakipokezana kila sekunde 8, na katika muda wa dakika moja hivi wote wamekwisha pita na wa kwanza amerejea. Ukuta mmoja wauzwa karibu mara nane kwa dakika. Aliyetoa matano akachukua moja hakutoa kitu. Ameongeza, na juu ya hayo ameupata usiku, ambao karatasi haikuwa nao. Kupima mabango kwa idadi ya nguzo ni sawa na kuipima kelele ya mji kwa idadi ya vipaza sauti.

Ama kuhusu mapato, hapana budi kusema kweli: mapato yapo, na halmashauri maskini haziwezi kudharau fedha. Lakini ni mapato ya kitu gani? Mwenye bango hauzi chuma, hauzi taa, hauzi hata picha. Anauza macho ya wapita njia, na wapita njia hawakumpa macho yao wayauze. Gazeti mtu hulinunua, redio huizima, televisheni huigeuzia kisogo. Barabara hana jinsi ya kuizima. Ndiyo maana wauzaji wa mabango, wanapozungumza na wateja wao, hujisifu kuwa chombo chao hakikwepeki. Nao haohao, wanapoitwa mbele ya halmashauri kuulizwa kuhusu usalama wa madereva, huapa kuwa bango halimshughulishi mtu. Mojawapo kati ya kauli hizo mbili ni uongo. Mtu akichagua yoyote, bango limehukumiwa: ama halifai kwa biashara, ama halifai kwa barabara.

Ipo hoja ya uhuru wa kusema, nayo nchini Marekani ni nzito, kwa kuwa katiba ya huko inaulinda uhuru huo kwa ukali. Mahakama ya Juu iliigusa mwaka 1981 katika shauri la Metromedia dhidi ya jiji la San Diego, na majaji wakagawanyika vibaya katika sababu zao hata wanasheria wakaendelea kubishana juu ya maana ya hukumu kwa miaka 40. Mwaka 2022 suala likarudi. Kampuni ya Reagan National ilitaka kuyageuza mabango yake kuwa ya umeme katika jiji la Austin, Texas, na kanuni za jiji zilikataza hilo kwa mabango yanayotangaza kitu kilicho mahali pengine, zikaruhusu kwa yale yanayotangaza kilicho papo hapo. Kampuni ikadai kuwa huo ni ubaguzi wa maneno: ili kujua bango ni la aina gani, ofisa wa jiji hulazimika kulisoma. Jaji Sonia Sotomayor, akiandika kwa niaba ya walio wengi, aliikataa hoja hiyo. Kulisoma bango ili kujua linahusu mahali gani si kulihukumu kwa rai yake. Ni kuuliza mahali tu. Jaji Clarence Thomas na wawili wenziwe walipinga.

Waswahili hawakuhitaji kungoja mwaka 2022 ili waijue tofauti hiyo. Imechongwa juu ya milango yao. Katika Mji Mkongwe wa Unguja, na katika mji wa Lamu, kizingiti cha juu cha mlango aghalabu huwa na maandishi: aya, dua, mara nyingine mwaka wa Hijria. Hayo ni maandishi ya hadharani, yaliyokusudiwa kusomwa na kila apitaye, na hapana shaka kuwa yana majivuno ndani yake, maana mwenye nyumba alitaka mtaa ujue uwezo wake. Lakini maandishi hayo yanasema juu ya nyumba ileile. Yanamfunga mwenyewe. Aliyeandika juu ya mlango wake maneno ya kumcha Mungu kisha akamdhulumu jirani, jirani alikuwa na pa kumwonyesha kidole.

Na kanga vilevile. Jina la kanga ni tangazo, tena lenye makali. Lapita sokoni, laingia arusini, lamchoma mlengwa bila ya ulimi kutikisika. Hata hivyo aliyeivaa anajulikana. Maneno yana mwili ndani yake, na mwenye mwili huo atakutana na mlengwa kesho kisimani. Hata mpiga mbiu alikuwa na sura. Bango la kukodi halina sura. Aliyetengeneza bidhaa yuko bara jingine, aliyetunga maneno yuko mji mwingine, mwenye nguzo ni kampuni, na ukimwuliza yeyote kati yao nani anayesema, kila mmoja atamwonyesha mwenzake. Huo ndio uhuru wa kusema unaodaiwa: uhuru wa kusema pasipo msemaji. Washairi wa pwani waliolipia beti zao kwa kifungo na uhamisho wangelicheka.

Kwa washairi lipo neno jingine, na halipendezi. Biashara hii imewaajiri. Mizani, vina, methali iliyopinduliwa kidogo ili iuze sabuni: kazi hiyo haikufanywa na mashine peke yake. Si haramu mtu kula kwa kalamu yake, na malenga wa zamani nao walisifu mabwana waliowalisha. Tofauti ni kuwa sifa za malenga zilikuwa na jina lake mwishoni, katika beti za tamati, na wasikilizaji walijua nani wa kulaumu iwapo bwana hakustahili.

Wapo wanaosema kuwa vita dhidi ya bango ni anasa ya miji tajiri iliyokwisha kushiba umeme. Historia haiwaungi mkono. Mwaka 1912 wanawake wa Honolulu, katika visiwa vya Hawaii, walianzisha chama kiitwacho The Outdoor Circle. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kupanda miti na kuyapinga mabango. Visiwa hivyo havikuwa bado jimbo kamili la Marekani, uchumi wake ulikuwa wa miwa na mananasi, na wanawake wa Marekani hawakuwa bado na haki ya kupiga kura katika nchi nzima. Walisusia bidhaa zilizotangazwa ukutani. Walichanga fedha, wakainunua kampuni ya mwisho ya mabango, wakaifunga. Mwaka 1927 sheria ya kuyapiga marufuku ikapitishwa, na hadi leo ingali inatumika. Watalii wanaofurika huko hawajapata kulalamika kuwa milima imekaa mbele ya tangazo.

São Paulo nayo, mji mkubwa kuliko miji yote ya Brazili, ulipitisha Sheria ya Mji Safi Septemba 2006, chini ya meya Gilberto Kassab, ikaanza kazi tarehe 1 Januari 2007. Mabango yapatayo 15,000 yaliteremshwa. Wafanyabiashara walitabiri maangamizi. Kilichotokea ni kuwa watu waliiona miji miwili ambayo walikuwa hawaioni: majumba ya kale yenye nakshi, na vibanda vya mafukara vilivyokuwa vimefichwa nyuma ya picha za wasichana wanaocheka. La pili ndilo kubwa. Bango halikuwa likiziba mandhari tu. Lilikuwa likiziba umaskini, na mji ulilipwa ili usiuone. Baadaye São Paulo iliyarudisha matangazo katika vituo vya basi na saa za barabarani, kwa mkataba na kwa kipimo. Marufuku si lazima iwe ya milele ili iwe na faida. Imetosha kuwa mji umejua kuwa unao uwezo wa kusema la.

Hapa pwani, suala limejificha ndani ya mstari. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001. Mamlaka ya kuuhifadhi Mji Mkongwe ilikuwapo tangu mwaka 1985, na mpango wake wa hifadhi uliandaliwa katika miaka ya 1990. Ndani ya mstari huo mwenye duka hana ruhusa ya kufanya atakalo na kibao chake. Haya ni mema. Lakini mstari wa hifadhi huchorwa kwa wino juu ya karatasi, na mwanga hausomi karatasi. Nguzo ya bango ikisimama hatua kumi nje ya mpaka, chuma chake kiko nje na mwanga wake uko ndani, juu ya mapaa, juu ya minara, katika madirisha ya ghorofa za juu. Mpango uliotungwa zama za kibao cha mbao hupima vitu kwa mahali vilipo. Bango la umeme linapasa kupimwa kwa mahali linapofika.

Na nje ya mstari je, hakuna watu? Ng'ambo na Michenzani hulala watu wengi kuliko Shangani, na wao hawakusajiliwa popote kuwa urithi. Ikiwa hifadhi ya mji wa kale itakuwa na maana ya kuwa matakataka yote ya mwanga yamwagwe kwa majirani, basi hifadhi hiyo imekuwa ni fagio la mtu anayefagia uchafu wake hadi mlangoni kwa mwenzake. Mtoto wa Ng'ambo naye ana usiku.

Usiku huo una kazi. Mwezi mwandamo hutafutwa kwa macho, magharibi, juu ya bahari, katika dakika chache ambazo mwangaza wowote wa ziada ni adui. Kilimia kiliwapangia wakulima na wavuvi wa pwani majira yao kabla ya kalenda yoyote kuchapwa. Mwenye kusema kuwa hayo yamepitwa na wakati na aende ufukweni jioni ya tarehe 29 Shaabani, ahesabu watu.

Tena kuna umeme wenyewe. Wakazi wa Unguja hawana haja ya kuhadithiwa. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa gizani karibu mwezi mzima. Desemba 2009 kikaingia tena gizani, na giza halikwisha hadi Machi 2010. Visima vilikauka kwa kukosa pampu, samaki wakaoza, mwenye jenereta akawa mfalme. Waya mpya wa chini ya bahari kutoka bara ulianza kazi mwaka 2013. Kuuchukua umeme unaovuka bahari kwa gharama hiyo, na kuuwasha usiku wa manane ili kuliangazia tangazo mbele ya barabara isiyo na mtu, ni jambo linalohitaji jina, na Kiswahili kinalo: israfu.

Kanuni basi ziandikwe sasa, wakati meza ya ofisi ya mipango miji haijaelemewa na maombi, na ziandikwe kwa Kiswahili ambacho mwenye nyumba ataweza kukisoma bila ya wakili. Los Angeles iliandika yake ikiwa na mabango maelfu yaliyokwisha kuota mizizi, na kila bango lilikuja mahakamani na mawakili wake. Kibao cha umeme kisiseme ila juu ya mahali kilipo. Kizimwe duka linapofungwa. Mng'ao wake upimwe kutoka dirishani kwa jirani, si kutoka kwenye cheti cha kiwanda. Pasiwepo mapatano ya kubadilishana la karatasi kwa la umeme, hata yakiletwa na idara ya serikali. Kila ombi libandikwe katika ofisi ya sheha kwa siku 30, pamoja na picha ya jinsi mtaa utakavyoonekana usiku. Na jina la mwenye bango, na la mwenye ardhi, na la ofisa aliyetia saini, yaandikwe chini ya nguzo kwa herufi zisomekazo na mtu aliyesimama barabarani.